Maji ya kupikia mnakinga koki ya moto au ya baridi? Mama mkwe kanimwagia sufuria

Mama Pacha
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana hapa kwangu imeshakuwa kesi. Tuna hita ile ya tangi, jikoni koki mbili, sasa mimi nikitaka kupika nakinga tu ya moto nabandika, inachemka chap naendelea na mengine. Juzi mama mkwe kaja, kaniona kanyamaza, kesho yake kabeba sufuria kamwaga maji yote kwenye sinki eti ya kule hayawekwi mdomoni. Namuuliza kwa nini mama, anasema "hayawekwi tu". Baba pacha kajificha kwenye simu. Sasa jamani si yanachemka? wadudu si wanakufa?

Kijiko Kimoja
Kaa upande wa mama mkwe ule kwa amani 😂

Fundi wa Zamu
Dada, mama yuko sahihi ila kashindwa kukueleza. Wadudu kweli wanakufa, tatizo ni madini ya risasi. Mabomba ya zamani, lehemu kwenye maungio, hata koki za shaba, nyingi zina risasi na maji ya moto yanaiyeyusha haraka kuliko ya baridi. Marekani walikataza mabomba na lehemu za risasi mwaka 1986, lakini koki ikiwa na asilimia 8 bado iliruhusiwa kuitwa haina risasi, mpaka 2014 ndo wakashusha hadi 0.25. Na kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea.

Halafu lile tangi. Kuna moja nilifungua valvu ya chini yakatoka maji rangi ya chai kavu, kidogo yakaziba, nachokonoa na waya nikapata magamba meupe na tope la kutu kama nusu ndoo. Na humo ndani kuna fimbo ya magnesiamu au alumini, imewekwa makusudi iliwe yenyewe ili tangi lisile kutu, sasa inaliwa inaenda wapi kama si kwenye maji yako.

Mama Pacha
Nusu ndoo??? Na maziwa ya unga ya pacha nakorogea hayo hayo 😭

Nesi Mstaafu
Hapo mwanangu acha leo leo. Watoto ndo risasi inawaumiza zaidi, inagusa ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama kwao. Kinga ya baridi uchemshe mwenyewe. Usilie, wasiwasi ukizidi kuna kipimo cha damu, wapeleke wapimwe.

Bishoo wa Jiko
Mnatishana tu, mimi miaka yote natumia ya moto na niko fiti. Umeme nao nani analipa

Hesabu Kwanza
Bishoo ngoja. Lita moja kutoka nyuzi 20 mpaka ichemke, birika la wati 2000, ni kama dakika 3. Ukianza na ya nyuzi 60 ni dakika moja na nusu. Na hiyo ya moto imeshakula umeme kwenye hita, hujaokoa kitu hapo. Bado ile ya baridi unayomwaga ukisubiri ya moto ifike, na ya moto inayobaki kwenye bomba ikapoa bure.

Kijiko Kimoja
Mi nilisikia ya baridi ndo inachemka haraka

Hesabu Kwanza
Hapana, hiyo porojo.

Jirani Mkimya
Samahani, yangu ni hita isiyo na tangi, inapasha hapo hapo. Nayo?

Fundi wa Zamu
Tope hilo huna, ila koki na maungio ni yale yale, kwa hiyo kupikia tumia baridi. Na asubuhi maji yakiwa yamelala bombani usiku kucha, yaache kwanza yatoke mpaka uone ubaridi umebadilika, hayo ya mwanzo oshea vyombo.

Mama Pacha
Asanteni sana. Nimeenda kumwambia mama, kajibu "si nilisema". Baba pacha ndo kaamka saa hizi anataka kufungua hiyo valvu ya chini, fundi afungue tu?

Fundi wa Zamu
Mshike mkono dada! Azime umeme, afunge maji yanayoingia, aache yapoe kabisa ndo afungue. Na ndoo aweke mbili.