Jezi za msafara wa hisani alipe nani?

Gia Kubwa
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri, usiku wa tatu huu silali vizuri.

Tuna kikundi cha waendesha baiskeli hapa Dar. Tulianza watu sita tukikutana Coco Beach Jumapili asubuhi, sasa tumefika 38. Mwezi ujao tunapiga Dar–Morogoro kuchangia watoto wenye miguu kifundo, yaani waliozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Watu wameitikia, hadi jana usiku tulikuwa na 6,140,000. Tatizo ni jezi. Jezi ya baiskeli si fulana ya kuokota Kariakoo. Ina zipu ndefu, mifuko mitatu mgongoni ya ndizi na simu, kitambaa kinachokausha jasho, na nembo zinachapwa kwenye kitambaa chenyewe kabla hakijashonwa, hazibanduki. Moja ni 65,000. Nusu ya wanachama wanasema kila mtu ajilipie, nusu wanasema itoke mfuko wa msafara. Mimi ndiye mratibu. Ninyi mngefanyaje?

Mbeba Mkaa
Babu yangu Shinyanga kapiga Phoenix maisha yake yote, gunia mbili nyuma, shati vifungo wazi. Hakuwa na nembo hata moja. Ninyi mnataka kupita Kibaha mmebanwa kama mko Tour de France.

Mama wa Sare
Nacheka kwa uchungu. Mwaka juzi nilikuwa kamati ya harusi, vikao vinne, vitatu vyote vya sare. Bibi harusi alitaka rangi ya pichi, mwenyekiti akaenda dukani na rangi hiyo kichwani, akarudi na chungwa la Muheza. Lile gauni sasa nafunikia cherehani. Ushauri wangu: rangi chagueni kwa kipande cha kitambaa mkononi, msichague kwa maneno.

Mzee wa Mlandizi
Mimi naishi barabara hiyohiyo. Malori hayaoni baiskeli. Vaeni njano inayong'aa, nyeusi msithubutu. Na mvuke Ruvu mapema, jua la saa sita pale halina mjomba.

Mkaguzi Mstaafu
Mleta uzi, huo "mfuko wa msafara" ni upi? Pesa ya safari na pesa ya watoto zimetengana, au ni chungu kimoja?

Gia Kubwa
Mkuu, lipa namba ni moja ila wenyewe tunajua moyoni ipi ni ipi.

Mkaguzi Mstaafu
Moyo hautoi risiti. Fundi mmeshampa kitu? Na bango la kuomba mchango liliandikwa nini?

Mbongo wa Reading
Huku Uingereza niliwahi kuendesha London–Brighton ya British Heart Foundation, shirika la hisani la wagonjwa wa moyo, kama kilomita 87. Kiingilio nililipa mwenyewe, jezi nikanunua mwenyewe, waliochangia pesa yao sikuigusa. Ila karibu na mwisho kuna kilima kinaitwa Ditchling Beacon. Nilishuka nikasukuma. Mama mmoja wa makamo kanipita na baiskeli yenye kikapu, ananiambia karibu tunafika. Tangu siku hiyo nimeacha kuwacheka wazungu. Samahani, swali lilikuwa nini?

Mkaguzi Mstaafu
Swali ni bango. Bado nasubiri.

Gia Kubwa
Sawa. Naona bora niseme yote.

Advansi ya nusu, 1,235,000, nilishaitoa wiki iliyopita. Fundi hakati kitambaa bila nusu, hilo kila mtu analijua. Ilitoka kwenye ile lipa namba. Na bango limeandikwa "Kila shilingi yako inamfikia mtoto". Lakini bango kalitengeneza kijana wa grafiki, mimi nililipitisha tu saa sita usiku macho yakiwa mazito. Halafu fikirieni na hili: bila jezi hakuna picha, bila picha hakuna mdhamini. Kuna duka la vipuri limeahidi milioni 2 likiona nembo yake mgongoni. Hiyo ni mbegu, haijaliwa.

Shemasi Msaidizi
Ndugu yangu, soma habari za Anania na Safira, walioficha sehemu ya pesa wakaanguka wakafa, Matendo sura ya 5. Nao walikuwa na maelezo mazuri.

Mbeba Mkaa
Shemasi, umemuua mtu kabla hajafika Chalinze.

Mama Kulwa
Nilikuwa nasoma tu, nikaona nijiunge.

Kulwa wangu alizaliwa na miguu kifundo, Doto mzima. Ilitakiwa twende wiki sita mfululizo kufungwa POP, ile plasta ngumu, inatolewa, mguu unanyooshwa kidogo, inafungwa nyingine. Kisha akapewa vile viatu vilivyoungwa kwa chuma katikati, vya kulalia. Usiku alikuwa anapiga kile chuma kwenye mbao za kitanda, ko, ko, ko, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akahama. Kutoka Mkuranga, kwenda na kurudi pamoja na bodaboda, ilikuwa elfu nane. Jezi moja ni safari nane. Kuna wiki sikwenda, na ukikosa wiki unarudi nyuma. Sijasema msivae, nimepiga hesabu tu.

Gia Kubwa
Dada, pole sana, na nashukuru. Lakini pesa hairudi tena, kitambaa keshakikata. Shemeji mwenyewe ameniapia hana faida hapo, anatusaidia tu.

Kisirani
SHEMEJI?

Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Akaunti ina siku tano. Uzi wa kuwachangia watoto, watoto wamepata mstari mmoja, zipu na mifuko imepata aya nzima. "Nembo hazibanduki." Nani anaomba ushauri hivyo? Hili ni tangazo la biashara. Kesho mtaona namba ya shemeji hapa. Na watu 38, wengi wapya, Dar–Moro kilomita 190 na ushei, hajasema hata wanalala wapi.

Mzee wa Mlandizi
Wanalala Chalinze. Kila mtu hulala Chalinze.

Mama wa Sare
Hata mimi nilishangaa ile mifuko mitatu. Chai ya tangawizi hii.

Mbeba Mkaa
Chai au si chai, shemeji ana XXL?

Gia Kubwa
Ningekuwa natunga, ningejiwekea shemeji kwenye hadithi? Si ningesema fundi tu? Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wanakikundi wanaijua. Na namba ya mtu siweki hapa.

Mkaguzi Mstaafu
Mimi chai nainywa hivyohivyo. Kama ni kweli, 1,235,000 gawanya kwa 38 ni 32,500 kwa kichwa. Kila mvaaji atoe hiyo kwanza, shimo la watoto lifukiwe, nusu iliyobaki mmalizane na fundi kwa namba nyingine kabisa. Mdhamini akija, aje. Bango libadilishwe leo. Na kwenye kundi useme mwenyewe kwamba fundi ni shemeji yako, kabla hawajaambiwa na mwingine.

Gia Kubwa
Kuna wanafunzi sita hawana hiyo 32,500.

Mama Kulwa
Wavae fulana walizonazo. Mtoto hataangalia zipu.

Gia Kubwa
Kusema la shemeji kwenye kundi… mke wangu naye yumo kwenye lile kundi.

Mkaguzi Mstaafu
Basi mwambie yeye kwanza.

Gia Kubwa
Nimemwambia. Alikuwa anajua, kaka yake alimwambia siku ileile. Alikuwa ananisubiri mimi.

Nimeandika kundini saa moja iliyopita, yote, na la shemeji. Watu 31 wamesoma. Hakuna aliyejibu. Sasa hivi mhazini anaandika… ameacha… anaandika tena.

Kisirani
Picha ya skrini au hakuna kilichotokea.

Mbeba Mkaa
Mleta uzi, ya XXL hujanijibu.