Naomba ushauri: kuwafundisha watoto asidi na besi kwa vitu vya jikoni

Mama wa Nyegezi
Habari zenu, wanajukwaa. Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 11, na juzi nilipokuwa nikiosha sato kwa ndimu, mdogo aliniuliza shombo huenda wapi. Jibu la kwamba ndimu hukata shombo halikumtosheleza. Ningependa kuwafundisha kemia kidogo bila kununua kemikali, nianzie wapi?

Mwalimu wa Sengerema
Dada, anzia kwenye swali hilo hilo. Shombo hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali ziitwazo amini, ambazo ni besi, yaani kemikali zinazopunguza nguvu ya asidi, na huruka hewani kwa urahisi. Asidi ya ndimu huzigeuza kuwa aina ya chumvi isiyoruka, ndiyo maana pua haizinusi tena. Kisha chemsha rozela kavu, uichuje, na ikishapoa ugawe maji yake katika glasi tatu: moja utie ndimu, nyingine maji ya magadi, na ya tatu uiache ilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Ya ndimu itabaki nyekundu kwa sababu ya asidi, ya magadi itaelekea kijani au buluu kwa kuwa magadi ni besi. Watoto watabiri rangi na kuiandika kabla ya kumimina. Hilo nalithamini kuliko rangi zenyewe, kwani mtoto asiyetabiri huona kiinimacho tu.

Bibi wa Ukerewe
Asiyepata rozela atumie manjano. Koroga manjano kwa maji, upake karatasi nyeupe, na ikikauka mtoto aichore kwa kijiti kilichochovywa katika maji ya majivu ya kuni yaliyochujwa. Mchoro hutoka mwekundu wa kahawia, kwa sababu majivu yana kaboneti ya potasiamu, ambayo ni besi. Ukiupitishia ndimu, unjano hurudi. Maji hayo huwasha macho na ngozi, kwa hiyo mtu mzima asiondoke.

Mfamasia
Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isikaribie kabisa ndimu wala siki, maana hutoa gesi inayoumiza mapafu. Vilevile, siki na magadi visifungiwe ndani ya chupa, kwani hewa ya ukaa inayozalishwa huweza kuipasua.

Mama wa Nyegezi
Nawashukuru sana. Magadi ya kupikia maharage yanafaa, au nitafute ya kuokea?

Mwalimu wa Sengerema
Ya maharage yanafaa, tena ubesi wake ni mkali zaidi. Yaponde, uyayeyushe, kisha uchuje mchanga.