Njiwa, kikohozi kikavu na "homa ya kasuku": naomba ushauri

Mfuganjiwa (Kisumu)
Wanajukwaa, hamjambo. Ninaishi Manyatta na nyuma ya nyumba nina banda la njiwa wapatao 30, ambalo mdogo wangu hulifagia kila Jumamosi. Kwa siku sita sasa ana homa, baridi ya kutetemesha, kichwa kinachomgonga na kikohozi kikavu. Huku kwetu ziwani kila homa huitwa malaria, lakini amepimwa mara mbili na vimelea havikuonekana. Kliniki moja ilimpa amoksilini, na hajapata nafuu. Jirani asema ni homa ya kasuku, ilhali mimi sina kasuku hata mmoja. Je, niwachinje njiwa wote? Mama ameshakataa nyama yao.

Shamba_Kitale
Ndugu, waondolee njiwa lawama. Jina lenyewe lataja kasuku. Mpeleke akapimwe kifua kikuu.

Tabibu_Njoro
Kupima kifua kikuu ni sawa, ila kuwaondolea njiwa lawama si sawa. Jina la kitabibu la homa ya kasuku, sitakosisi, limetokana na neno la Kigiriki la kasuku, na lilivuma zaidi mwaka 1929 na 1930, kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini walipowaambukiza watu katika nchi nyingi. Hata hivyo, bakteria wake hupatikana pia kwa njiwa, bata na bata mzinga, na ndege anayewabeba aweza kuonekana mzima kabisa. (Ni wa jamii ya klamidia, lakini si wale wa ugonjwa wa zinaa; msije mkamtilia kijana shaka bure.) Mtu huambukizwa anapovuta pumzi yenye vumbi la kinyesi kilichokauka au la manyoya, na dalili huanza mara nyingi baada ya siku 5 hadi 14, ndiyo maana anayefagia huugua na mwenye njiwa akabaki mzima.

Kuhusu amoksilini, bakteria hawa hujificha ndani ya chembe za mwili, kwa hiyo dawa inayotegemewa ni doksisaiklini, na kwa watoto wadogo na wajawazito madaktari huelekea azithromaisini. Usiinunue dukani kwa kukisia. Mpeleke hospitali leo, kwa sababu ugonjwa huu huweza kugeuka nimonia kali, na neno la kwanza mtakalomwambia daktari liwe njiwa, maana vipimo vya kawaida havitautambua.

Bata_wa_Nakuru
Usiwachinje. Mwite daktari wa mifugo awakague, hasa wenye kuharisha, macho yanayotoa machozi au manyoya yaliyosimama. Banda lisifagiwe kavu tena: lowesha kinyesi kwa maji yenye dawa ya kuua viini, ukizoe kikiwa bado kibichi, ukivaa barakoa na glavu. Nyama iliyoiva vizuri haina neno. Hatari imo katika kunyonyoa na kutoa matumbo.

Mfuganjiwa (Kisumu)
Nimerudi kuwashukuru. Daktari alikiri kwamba asingewafikiria ndege kama tusingewataja. Picha ya kifua ilionyesha nimonia, akaanzishiwa doksisaiklini juzi, na jana usiku homa ikashuka, akaomba ugali mwenyewe. Ameonywa asiache dawa kwa kujiona amepona. Banda nimelilowesha na kuzoa kinyesi mwenyewe asubuhi. Mama, kuhusu nyama, bado hajakubali.