Kupima ardhi iliyoganda Kibo: vinasa joto viwekwe kina gani?

Mwanafunzi_Ujiji: Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma, naandaa andiko la utafiti kuhusu pamafrosti (ardhi inayokaa kwenye 0°C au chini yake kwa miaka 2 mfululizo au zaidi) juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Nina vinasa joto 8 (vifaa vidogo vinavyojirekodia joto vyenyewe), kila kimoja kinatunza vipimo 4,096. Wenzetu wa Uswisi huchoma fimbo yenye kipima joto chini ya theluji mwishoni mwa kipupwe. Itafaa kwetu?

Jiwe_la_Mlima: Mkuu, fimbo iache. Inataka theluji ya sentimita 80 hivi iliyotulia kwa wiki kadhaa ili izuie joto la hewa. Kibo theluji huja na kuondoka. Tena kule milima ya Alps, Ulaya, kinachotawala ni majira. Kwetu ni usiku na mchana. Udongo wa juu unaganda usiku, jua likipanda unayeyuka.

Kwenye udongo mkavu, mpando na mshuko wa joto la siku hubaki kama theluthi kila ukishuka sentimita 12 hivi. Kufika sentimita 50 karibu umekwisha. Kwa hiyo fanya vituo 2, kila kimoja vinasa 4: sentimita 5, 20, 50 na 100. Cha sentimita 100 ndicho roho ya kazi, kwa sababu majira yetu hayatofautiani sana na kitakupa karibu wastani wa mwaka.

Ukirekodi kila saa, kumbukumbu inajaa siku ya 170. Weka kila baada ya saa 3, utapata siku 512. Panda mara moja katikati kupakua.

Usitumie bomba la chuma, linashusha joto la juu hadi chini. Tumia fimbo ya mbao, rudisha udongo uleule kwa tabaka zake, ushindilie. Shimo likiachwa wazi, hewa baridi ya usiku inazama humo na utapima baridi ya hewa ukidhani ni ya ardhi.

Binti_Unyanyembe: Naongezea: hakiki sifuri kabla ya safari, yaani hakikisha kila kinasa kinasoma 0°C kwenye barafu inayoyeyuka. Kosa la nusu digrii linatosha kukuonyesha pamafrosti isiyokuwepo. Barafu ya wauza samaki wa hapo Kibirizi, Kigoma, haifai, chumvi na uchafu hushusha kiwango cha kuyeyuka. Gandisha maji yaliyotoneshwa (ya kuongezea betri, SI asidi), ponda, jaza chupa ya chai, ongeza maji hayohayo kidogo tu iwe kama uji mzito. Maji yakizidi, yale ya 4°C ni mazito zaidi, yanatuama chini na kinasa kitasoma uongo. Funga vinasa kwenye mfuko usiopitisha maji, viache saa 2 ukikoroga, andika tofauti ya kila kimoja.

Huko mlimani pia utajihakiki: udongo wenye unyevu ukiganda, joto hukwama kwenye 0°C, maana kila kilo ya maji hutoa kilojuli 334. Mstari wa grafu ukikwama kwenye 0.3°C badala ya 0°C, hilo ndilo kosa la kinasa chako.

Jiwe_la_Mlima: Sahihi kabisa. Na mahali: kaa mbali na Kreta ya Reusch (shimo la volkano juu ya Kibo), mvuke wa volkano unapasha ardhi. Karibu na barafu ya kaskazini, mita 5,700 hivi, wastani wa joto la hewa ni kama −7°C, anzia huko. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kishughulikie mapema, pamoja na ruhusa ya kuingia hifadhini.

Mwanafunzi_Ujiji: Asanteni sana wakuu. Wiki hii naanza na chupa ya chai.