Mwajiri mdogo wa Mtwara aandikiane vipi na chuo cha ufundi ili aajiri wahitimu wake?

Mwenye Karakana, Mtwara Mjini

Ndugu wanajukwaa, ninaendesha karakana ya kutengeneza na kukarabati mashine za kubangua korosho, pamoja na kazi ndogo ndogo za uchomeleaji kwa wenye malori yanayosubiri kushusha mizigo bandarini. Kila mwaka, kabla minada ya korosho haijafunguliwa mwezi Oktoba, kazi hunizidi na hulazimika kuwaita mafundi kutoka Dar es Salaam, ambao nauli, malazi na posho zao humeza sehemu kubwa ya faida. Wakati huohuo vijana wenye vyeti vya ufundi stadi hunijia wakiomba kazi, na nikiwapa jaribio naona wanaunga chuma vizuri, ila hawajawahi kugusa boila la kupikia korosho wala kusoma mchoro wa mashine ya kukatia. Ninafikiria kukubaliana na chuo kimoja nichukue vijana wanne wakiwa bado masomoni, kisha niwaajiri wakihitimu. Makubaliano ya namna hii huandikwaje, gharama hubebwa na nani, na nitajilindaje ili kijana nisimfundishe leo, kesho akahamia kwa jirani?

Mkufunzi wa Ufundi, Lindi

Ndugu Mwenye Karakana, nakushauri usianze na hati ya makubaliano. Anza na karatasi moja inayotaja kazi ambazo fundi wako lazima aziweze: kufungua na kufunga boila kwa usalama, kubadilisha visu vya mashine ya kukatia, kuunga bomba la mvuke lisilovuja, kusoma mchoro, kuandika makadirio ya vifaa. Wakufunzi hupokea barua nyingi za waajiri zinazosema wanataka "vijana wenye bidii na nidhamu", na barua ya namna hiyo haimsaidii mkufunzi kubadilisha hata somo moja. Ukileta orodha ya kazi, mnaweza kukaa pamoja na kuona ni zipi zinafundishwa chuoni na ni zipi zitabaki kwako.

Pili, tofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Mafunzo kwa vitendo ya kawaida ni yale ambayo mwanafunzi huleta barua, hukaa kwako kwa muda mfupi, husainiwa kitabu chake na kuondoka, na mara nyingi muda wenyewe huishia kwenye kufagia karakana na kutumwa dukani. Uanagenzi ni jambo jingine, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujuzi hupatikana mahali pa kazi chini ya fundi aliyetajwa kwa jina, na chuo hubaki na nadharia na upimaji. Unachokihitaji wewe ni hiki cha pili, na hati yenu iseme hivyo waziwazi: nani anamsimamia kijana, kumbukumbu za kazi zinajazwa na nani, vifaa vya kujikinga vinatolewa na nani, na kijana akifaulu anaanza kazi lini na kwa mshahara gani.

Angalia pia kalenda. Kozi nyingi za muda mrefu za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini, huanza Januari, nawe unazidiwa kuanzia Agosti. Ukimpokea kijana Septemba, utampokea wakati ambao hakuna fundi mwenye nafasi ya kumwelekeza. Mpokee kazi zikiwa chache, miezi ya Machi hadi Mei, wakati mashine zimefunguliwa kwa matengenezo, kwa kuwa mashine iliyofunguliwa humfundisha kijana mengi kuliko ile inayokimbizana na msimu.

Afisa Rasilimali Watu

Nitajibu kuhusu gharama na sheria. Tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo hulipwa na mwajiri na sehemu yake ndiyo inayogharamia mafunzo ya ufundi stadi, ilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, na tangu mwaka 2021 mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10 hadaiwi tozo hiyo. Kwa hiyo ukiwa na karakana ndogo, posho ya nauli na chakula ya wanagenzi wako ndiyo mchango wako halisi katika mafunzo, na usiihesabu kuwa sadaka. Nchini Marekani, mpango wa Year Up, ulioanzishwa Boston mwaka 2000, huwapa vijana mafunzo ya darasani na kisha kuwapeleka ndani ya kampuni, na kampuni hizo huchangia gharama za nafasi hizo. Mwajiri aliyetoa fedha yake hufuatilia kwa makini zaidi kijana anachojifunza.

Kuhusu kijana kuhama, sikushauri umfunge kwa vifungu vya kutisha wala kumzuilia cheti, ambacho ni mali yake. Mpe mkataba wa ajira ulioandikwa, mwandikishe NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kisha panga mshahara uongezeke baada ya msimu wa kwanza. Ninavyoona, wengi huondoka kwa sababu msimu ukiisha huambiwa wasubiri nyumbani bila malipo.

Mhitimu, Masasi

Naomba radhi kwa kuingia na neno kali kidogo. Vijana wengi wa Mtwara na Lindi walikimbilia kozi za uchomeleaji wakati wa matumaini ya ajira za gesi asilia. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015 na kazi za ujenzi wake zikaisha. Mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba hauhitaji umati wa mafundi. Na mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, umekuwa wa mazungumzo mwaka baada ya mwaka. Tatizo halikuwa ubora wa mafunzo peke yake. Hakuna mwajiri aliyekuwa ameandika kwamba ana nafasi ngapi.

Mimi nilisainishwa fomu na mwajiri mmoja iliyosema wahitimu "watapewa kipaumbele", nikamaliza nikakuta kipaumbele hicho hakina mshahara. Ndugu, kama una nafasi mbili za uhakika, andika mbili, usiandike nne.

Mwenye Karakana, Mtwara Mjini

Nawashukuru nyote. Nimepiga hesabu upya: nafasi ninazoweza kuzilipa mwaka mzima, hata msimu ukiisha, ni mbili, na hizo ndizo nitakazozipeleka chuoni pamoja na orodha ya kazi. Linanitatiza jambo moja, Mwalimu. Fundi wangu mkuu, ambaye ndiye angewasimamia vijana hao, alijifunza kazi kwa marehemu baba yake na hana cheti chochote. Je, chuo kitamkubali?

Mkufunzi wa Ufundi, Lindi

Mlete apimwe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu hupimwa kwa kazi anazozifanya, huonyeshwa mapungufu yake na kufundishwa hayo tu, kisha hupewa cheti. Fika naye ofisi ya VETA ya mkoa, akiwa na picha za mashine alizotengeneza na barua yako inayoeleza amefanya kazi hizo kwa muda gani. Ni vyema alikamilishe hilo kabla vijana hawajafika, ili jina lake liingie kwenye hati kama msimamizi tangu mwanzo.