Data ya CERN kwa wanafunzi wa Kisumu: tupakue, tusome kutoka mbali, au tutumie Colab?

mwalimu_mamboleo
Habari za jioni wana jukwaa. Nina wanafunzi 30 wa fizikia hapa Kisumu, na muhula huu nataka wauone mlima wa chembe ya Z kwenye grafu, ukichomoza kutoka kwenye migongano halisi ya protoni, si kwenye mchoro wa kitabu. Faili ninalolilenga liko kwenye tovuti ya data huria ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva: myuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) za kigunduzi cha CMS za mwaka 2012, matukio milioni 61.5, gigabaiti 2.1. Maabara ina kompyuta 12, mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde siku ukiwa mzuri, na stima hupotea bila taarifa. Naona njia tatu: kila mmoja apakue nakala yake, wote wasome moja kwa moja kutoka seva ya Geneva, au wafanyie kazi Google Colab, yaani kuendesha Python kwenye mashine za Google kupitia kivinjari. Mliopitia haya, nielekezeni.

njoro_root
Mwalimu, hiyo ya kila mmoja apakue iondoe kabisa. 30 mara 2.1 ni gigabaiti 63, na kwa megabiti 4 hiyo ni saa 35 bila kupumzika. Faili moja ni dakika 70 tu. Pakua moja, zungusha flashi. Data imetolewa kwa leseni ya CC0, yaani bila kudai haki za umiliki, kwa hiyo kunakili na kugawa hakuna anayekukataza.

dada_wa_kakamega
Mimi ningesoma kutoka mbali. Faili la ROOT, muundo wa faili wanaotumia wanafizikia wa chembe, limehifadhiwa kwa safuwima: momenta ya myuoni zote pamoja upande mmoja, pembe zote upande mwingine, chaji kwingine. Ukitumia uproot, maktaba ya Python ya kusoma faili hizo, unaomba safuwima unazotaka na seva inakutumia hizo tu. Kwenye faili kubwa zenye mamia ya safuwima, huu ni wokovu. Nimefanya hivyo kwa bando la simu, tena usiku.

njoro_root
Dada, kwa faili kubwa nakubali. Lakini hili la mwalimu tayari limechujwa, lina safuwima sita tu: idadi ya myuoni, momenta yake, pembe mbili, masi na chaji. Ili kupata masi ya jozi ya myuoni, ambayo ndiyo huonyesha mlima wa Z, utazihitaji karibu zote. Utaokoa nini?

dada_wa_kakamega
Umenena kweli, kwa safuwima hakuna cha kuokoa. Ila kuna safu za matukio! Omba matukio milioni moja ya kwanza peke yake. Gigabaiti 2.1 gawanya kwa 61.5, ni kama megabaiti 34, ongeza kidogo kwa sababu vipande vimebanwa kwa mafungu. Na milioni moja inatosha kabisa: mlima wa chembe ya J/psi utauona kwenye 3.1 GeV (kipimo cha masi ya chembe), wa chembe ya Upsilon karibu na 9.5, na Z kwenye 91. Mwanafunzi wa nyumbani anamudu hiyo.

milimani_seva
Angalizo kwa wote wawili. XRootD, njia ya kusoma faili za CERN kutoka mbali, hupitia mlango wa mtandao namba 1094, na mitandao mingi ya vyuo huufunga. Tulipoteza siku nzima mahali fulani tukidhani programu ndiyo mbovu. Faili hizohizo zinapatikana pia kwa HTTP ya kawaida, jaribuni anwani hiyo kwanza.

Maoni yangu, mwalimu: fanya kama CERN wenyewe. Data ya LHC, mashine yao ya kugonganisha protoni, haikai Geneva peke yake. Kuna Ngazi ya 0 pale, kisha vituo vikubwa vya Ngazi ya 1, kisha vya Ngazi ya 2, jumla kama vituo 170 katika nchi zaidi ya 40. Na programu ya Rucio, iliyozaliwa kwenye jaribio la ATLAS, kigunduzi kingine cha LHC, inaandika kila nakala iko wapi na ngapi zinatakiwa. Wewe pakua nakala moja usiku, iweke kwenye kompyuta moja ya maabara yenye nginx, programu ya seva ya wavuti, na zile 11 zisome kutoka kwake kupitia waya wa ndani. Usitumie ile seva ndogo inayokuja na Python, haielewi ombi la kipande cha faili, itamwaga gigabaiti zote 2.1 kila mara.

kibuye_fizikia
Colab mnaisahau bure. Faili linatoka CERN hadi mashine ya Google kwa mtandao wao, si wako. Mwanafunzi mwenye simu tu anafanya kazi. Ubaya ni kwamba kikao kikifungwa faili linafutika, unavuta upya.

mwalimu_mamboleo
Asanteni sana, mmenifungua macho. Basi maabarani tutafuata njia ya milimani_seva, na wa nyumbani wachague kati ya Colab na milioni moja ya dada. Njoro_root, nikikutumia diski kwa matatu hadi Nakuru, utakaa na nakala ya akiba?

njoro_root
Nitakaa nayo kwa moyo mmoja. Ila kabla hujaifunga kwenye bahasha, linganisha namba ya uhakiki inayoonyesha kama faili limeharibika, ile adler32 iliyoandikwa kwenye orodha ya faili pale tovutini. Programu ya cernopendata-client inafanya ulinganisho huo yenyewe. Namba iandike juu ya diski kwa kalamu ya wino mzito, nami nitaipima tena ikifika.

mwalimu_mamboleo
Upakuaji umeanza saa nne usiku. Umefika asilimia 38 na stima ipo.