Bustani ya nyumbani na watoto kujifunza mazingira, hapa Mombasa waenda wapi?

MamaKisauni: Asalaam aleykum jamani. Nna uwanja mdogo nyuma ya nyumba huku Kisauni, saa hii ni nyasi na mifuko ya simiti tu. Nataka nipande mboga, mchicha, bamia, kunde, na hawa watoto wa mtaani wakiwa likizo washinda barabarani, nikaona niwashirikishe nao wajue mti hupandwaje, sio kuona kwa simu tu. Shida maji ya kisima yana chumvi na ya mfereji yaja yakitaka yenyewe. Nani aeza nifundisha bila hela nyingi? Na watoto niwapeleke wapi?

jongoo_mwekundu: Waleykum salaam dada. Watoto anza nao Haller Park hapo Bamburi, na usiwaonyeshe viboko na kobe peke yake, waulize pale palikuwa nini. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, mwamba mweupe mtupu hata nyasi haioti. 1971 mtaalamu René Haller, ndo jina la bustani hiyo, akaanza kujaribu miti, aina 26, zikashika tatu, mvinje ukiwemo. Lakini majani ya mvinje yakianguka hayaozi upesi, yalijaa tu pale chini, mpaka wakaletwa jongoo wekundu wakayala na kinyesi chao ndo kikawa udongo. Jongoo! Sie huku twawakanyaga. Ukishamweleza mtoto hivo pale pale chini ya mvinje, hata ukimwambia achambue taka za jikoni afanye mboji haulizi kwanini. Kiingilio kipo, watoto wana bei yao, ukienda na kundi piga simu mapema. Ikibaki nafasi pitia hifadhi ya Nguuni, kuna pofu na mbuni, na mikoma kibao.

Bwana_Kunde: Kwa maji ya chumvi maharagwe sahau, yatanyauka tu. Spinachi yavumilia sana, mchicha nao kiasi. Mwagia chini kwa shina usirushie majani, manake chumvi ikikaukia kwa jani laungua pembeni kama limechomwa. Na mvua za masika zikija tega pipa chini ya bati, ya mwanzo iache iende ioshe kinyesi cha kunguru, halafu kinga. Mvua kubwa pia yaosha chumvi ya udongoni, kwa hivo usiufunike uwanja kwa simiti ukaona wapendezesha! Kingine, wauza madafu watupa makumbi ovyo kila kona, waombe, wakupe hata gunia. Yakatekate, loweka maji matamu, mwaga, loweka tena, ndo utandaze juu ya udongo. Unyevu wakaa.

kaka_wa_Likoni: Mie nawaangalia tu 😂 hesabu mtungi wa maji wanunua bei gani, kisha nenda soko la Kongowea na pesa ile ile uone wabeba mboga ngapi.

Bwana_Kunde: Kaka, ndo maana nikasema pipa. Na maji ya kuoshea mboga na mchele je, wamwaga wapi? Hayo yatosha mchicha uliopandwa ndani ya gunia mbili, sijazungumzia shamba mie.

tudor_creek: Wa kukufundisha bure ni afisa wa kilimo, uliza ofisi ya wadi yako, hiyo ndo kazi yake na wengi hatujui kama yuko. Ukitaka ujuzi wa minazi, maembe au mihogo kuna kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, huko Mtwapa, ukivuka daraja tu. Wakati wa shoo ya kilimo ya Mkomani pia nenda na daftari, watu hukimbilia bembea na vile vibanda vya mboga wavipita, na pale yuko mtaalamu amekaa hana wa kumuuliza.

Watoto wapeleke mikokoni pia, vikundi vya kupanda vipo huku Tudor na Mikindani. Ila wakikupa miche uliza ni ya nini na yapandwa wapi, mkoko wataka tope linalofikiwa na maji kila siku, mchu, aina nyengine ya miti ya mikokoni, wavumilia hata kule nyuma kwenye chumvi kali. Watu huja na mabango wachomeka popote wapiga picha waondoka, ukirudi yote imekufa.

MamaKisauni: Shukran sana nyote 😅 Mikokoni twaenda saa ngapi, na watoto wavae nini?

tudor_creek: Maji yakipwa, muulize mvuvi yeyote atakwambia ya siku hiyo. Viatu vya kufunga, chaza wakata. Ndara usithubutu, zabaki topeni.